Jumong kwa mtafsiri, Sultan kwa sauti za Kiswahili: uzoefu wangu

Mimi tamthilia ya kusoma maandishi chini ya kioo siiwezi. Nikitoka kazini, nikamalizana na foleni ya Mbagala, mboga iko jikoni na mtoto analia, nitasoma saa ngapi? Nataka kusikia. Na hapa Dar ukitaka kusikia una njia mbili: ujaziwe kwenye flashi muvi iliyotafsiriwa na mtu mmoja, au usubiri kwenye king'amuzi zile zilizoingizwa sauti. Nimetumia zote.

Library ya mtaani kwetu, yaani kibanda cha kujazia muvi, haina makuu. Unampa kijana flashi, unamwambia akujazie Jumong yote, ile tamthilia ya Kikorea, unapitia sokoni, ukirudi kazi imeisha. Ni episodi 81, kwa hiyo flashi iwe na nafasi ya kutosha. Kijana mwenyewe anajua mali yake, ukimsimulia kipande kimoja tu anakutajia muvi na steringi wake. Ila mpangilio, jamani! Episodi zilikuja shaghalabaghala, na katikati ya majeshi ya ufalme wa Buyeo nikakutana na Wakorea wamevaa suti wako ofisini. Tamthilia nyingine kabisa.

Kuhusu mtafsiri, waliokulia mikanda ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi wa zamani, wanaijua raha yake. Sauti moja inambeba mfalme, kijakazi, mlinzi wa geti na hata farasi akijisikia. Kwenye vita hana mpinzani. Jumong akivuta upinde, jamaa anapandisha kama anatangaza Simba na Yanga, unashtukia umeshasimama. Daeso, hasimu wa Jumong, akianza fitina zake anaambiwa hapo hapo kuwa ni mnoko, na nyumba nzima inaitikia. Tatizo lake ni majonzi, hayawezi. Haemosu, yule kipofu aliyemfundisha Jumong upanga bila kijana kujua kuwa ndiye baba yake mzazi, anakata roho. Koo limenikaba, natafuta kanga nijifute. Mtafsiri akachomekea namba yake ya simu na mahali lilipo duka lake. Machozi yakarudi yalikotoka.

Sasa njoo kwa Sultan, ile tamthilia ya Kituruki ya mfalme Suleiman iliyokuja kwetu kupitia Azam TV. Huku kila mtu ana sauti yake. Kuna pahala midomo inafunga kabla maneno hayajaisha, na Kiswahili chake kimenyooka mno, huwezi kumkuta mtu anaongea hivyo hata Magomeni. Lakini kwenye mambo ya ikulu unyoofu huo ndio unaonoga. Hurrem, mke wa Suleiman, akishusha sauti kumpangia mtu kifo, unasikia kabisa kwamba anatabasamu. Mtafsiri mmoja hakupi hicho, maana yeye akishusha sauti unajua amechoka.

Kasoro moja si ya walioingiza sauti. Mwaka 2013 Meryem Uzerli, aliyeigiza Hurrem, aliondoka, nafasi yake akaichukua Vahide Perçin. Mama yangu, ambaye kipande hicho kilipoonyeshwa kwetu alikuwa amesafiri msibani, aliporudi alidhani Suleiman kaongeza mke. Ilibidi kaka amweleze mara mbili, na bado akawa anamwita "huyu wa pili". Mimi nilimpenda wa pili, kusema kweli. Wa kwanza alikuwa na vituko, huyu ana uzito wa mtu aliyekwisha kuzika.

Halafu ikaja ya Mustafa, mtoto wa Suleiman. Kwenye historia ya kweli aliuawa mwaka 1553 kwa amri ya baba yake, na mimi nilikuwa nimeshasoma, nikanyamaza nisiwaharibie. Kaka alikuwa anatamba, "Mama, tulia, steringi hafi." Mustafa akaingia hemani. Wauaji wakamrukia na kamba, naye anapigana huku Suleiman amekaa nyuma ya pazia, anasikia kila kitu. Hapo walioingiza sauti walikuwa na akili: maneno machache, wakaacha pumzi na vishindo vifanye kazi. Mama alisimama akaielekea TV, "Baba gani wewe? Mtoto wa kumzaa mwenyewe!" Kaka akatoka nje kimya, na hadi leo Suleiman akitokea anabadilisha stesheni.

Za Bongo siziweki kwenye mzani huu. Hazihitaji mtafsiri, zinahitaji tu mtu wa kushika maiki vizuri.

Kwa hiyo mimi nimegawa. Za vita na kungfu napeleka flashi kwa kijana, maana bila kelele za mtafsiri naona zimepoa. Za mapenzi, wivu na urithi nazisubiri kwenye king'amuzi, hata kama ni kwa kudonoa kipande kwa kipande na kuvumilia matangazo. Na wewe ukienda kujaza, mwambie akufungulie episodi za katikati kwenye kompyuta yake kabla hujalipa. Ya kwanza na ya mwisho huwa ziko sawa, wanajua ndizo tunazoangalia.