Uzio wa umeme wa kuzuia dubu mizingani: ununue upi?

Dubu hafuati asali peke yake. Anayataka majana pia, yale mabuu meupe ya nyuki, na akishaonja mzinga mmoja atarudi kuimaliza iliyobaki. Uzio ununuliwe kabla hajafika, maana aliyekwisha kula huvumilia pigo la umeme kuliko mgeni.

Wengi huanza kuulizia waya. Anza na enajaiza, mashine inayopiga umeme kwenye waya, karibu pigo moja kila sekunde. Manyoya ya dubu ni mazito, umeme dhaifu hauyapenyi. Chukua inayotoa angalau jouli 0.5 (jouli ni kipimo cha nishati ya kila pigo), na ikifika 1 ni bora zaidi. Angalia jouli zinazotoka, si zinazohifadhiwa. Kilomita za uzio zilizoandikwa kwenye boksi zipuuze: zimepimwa pasipo nyasi hata moja ya kugusa waya na kupoteza umeme.

Nafasi ya kwanza naipa enajaiza ya betri ya volti 12 yenye paneli ya sola ya kando. Ina nguvu, inakaa popote, na betri ikichoka unabadilisha betri tu. Ya pili ni ya umeme wa nyumbani. Kwa bei hiyohiyo hupati nguvu zaidi ya hapo, na kama mizinga iko karibu na nyumba, ipandishe iwe ya kwanza. Ya mwisho ni kile kiboksi cha sola chenye kila kitu ndani. Kinapendeza dukani, lakini vingi havifikii hata jouli 0.5. Kwa kuku, sawa.

Waya wa chuma, nyuzi tano, wa chini sentimita 20 kutoka ardhini, ndio wa mizinga isiyohama. Mizinga ya kuhamishwa itumie utepe wa plastiki wenye nyuzi za chuma. Wavu wa umeme husimikwa haraka, ila hulegea na kulalia nyasi, nao umeme unapotea.

Usibane matumizi kwenye fimbo za ethi, zile za chuma zinazopigiliwa ardhini ili umeme urudi kwenye mashine kupitia udongo. Udongo ukiwa mkavu, pigo halikamiliki hata mashine iwe ghali namna gani. Hapo pishanisha waya wa umeme na waya wa ethi, dubu akigusa yote miwili atalipata tu. Halafu paka siagi ya karanga kwenye karatasi ya alumini uitundike kwenye waya wa umeme, aguse kwa pua, pasipo na manyoya.

Kipima volti nacho kiwemo kwenye ununuzi huohuo. Kikisoma chini ya volti 5,000, fyeka nyasi kwanza kabla hujailaumu mashine.