Chumbe: bei imechangamka, ila ujue unalipia nini

Watu wananiuliza Chumbe, kile kisiwa kidogo cha hifadhi karibu na Unguja, vipi, kulala kule inafaa ile hela? Inafaa, ila usiende ukitegemea hoteli. Ni vibanda 7 tu, hakuna eesii, umeme wa sola, na maji yote ni ya mvua, paa linayakinga yanaingia kwenye tangi chini ya nyumba, kwa hiyo oga kistaarabu. Choo hakina flashi, ni cha mboji, na amini usiamini hakinuki.

Utamu wenyewe uko baharini. Mwamba wa matumbawe upande wa magharibi wa kisiwa serikali ya Zanzibar iliutangaza hifadhi 1994, na kampuni binafsi iliyoanzishwa na Mjerumani mmoja, mama Sibylle Riedmiller, ndo inaulinda. Zamani pia wavuvi hawakuusogelea sana sababu ya jeshi na njia ya meli, ndo maana matumbawe yalikutwa mazima. Samaki aina zaidi ya 400! Kuzamia na mitungi marufuku, ni miwani na mapezi tu, na inatosha kabisa. Marenja wengi walikuwa wavuvi, hawabebi bunduki, renja anakaa na mvuvi mwenzie aliyeingia hifadhini anamuelewesha samaki wakizaliana huku wanatoka nje ya mpaka na yeye anawavua huko, basi yanaisha. Hela ya wageni ndo inawalipa hao, na inaleta watoto wa skuli kuona matumbawe, wengine wamekulia pwani na hawajawahi kuchungulia chini ya maji.

Wanaosema kisiwa kimeuzwa, hakijauzwa bana. Ardhi ni ya serikali, ile kampuni ina mkataba wa kukodi, ule wa miaka ya 90 uliandikwa wa miaka 33, piga hesabu mwenyewe. Hapo tu ndo mimi roho haitulii. Marekani yale mashirika ya kutunza ardhi yanaandika sharti kwenye hati yenyewe, hapa hapajengwi milele, ukiuza mnunuzi anarithi na sharti lake. Chumbe inategemea mkataba na watalii, na 2020 tuliona watalii wanavyoweza kupotea. Na joto la bahari linaloua matumbawe halisomi mkataba wa mtu.

Boti inatokea Mbweni, weka nafasi mapema. Paa nunga, wale swala wadogo, wapo msituni ila usijipe matumaini sana, wana aibu wale. Usiku chukua tochi ukawaone kaa wa nazi, makubwa hayo, na kandambili zako ziingize ndani wasije wakazibeba.