Kitabu cha karatasi au cha simu? Hesabu ya msomaji wa Lubumbashi

Hapa Lubumbashi bei ndiyo inayoamua kwanza. Riwaya iliyochapwa Ufaransa inafika ikiwa imebeba gharama za usafiri na forodha, kwa hiyo wengi wetu tunanunua vitabu vilivyokwisha kusomwa, vile vinavyopangwa kando ya barabara. Faili la simu linahitaji megabaiti za kulipakua mara moja tu, kisha linasomeka bila intaneti.

Lakini angalia aina ya faili. PDF haibadilishi ukubwa wa ukurasa wake. Kwenye kioo kidogo utavuta maandishi kushoto na kulia hadi uchoke. EPUB hujipanga upya kufuata kioo, basi ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua hiyo.

Umeme ukikatika, karatasi inashinda mchana, simu inashinda usiku, mradi ina chaji.

Mimi riwaya nanunua ya karatasi. Nikiimaliza, dada yangu anaisoma, kisha jirani, na hilo kwangu ni jambo kubwa kuliko bei. Kitabu cha dijitali kilichonunuliwa kihalali mara nyingi hufungwa kwenye akaunti ya mtu mmoja. Kamusi, hapo simu bila kusita: neno linapatikana kwa sekunde chache.