Uzoefu wangu na antibodi za HPV maabara: E7, p16, E6, ipi ina thamani ya hela

Wakuu, naandika hii kwa sababu kila anayekuja mpya maabara swali ni lile lile, kaka ninunue antibodi gani ya HPV (kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi; antibodi ni protini inayoshika protini moja maalum ili tuione), na hela yenyewe ni ya risechi, ikiisha imeisha. Mimi niko Dar, nafanya na seli za kukuza pamoja na vinyama vya baiopsi vya mlango wa kizazi vilivyowekwa kwenye parafini, na hapa naongelea zile zilizopita mikononi mwangu tu.

Naanza na ya E7, protini ya kirusi, ya HPV16 (aina namba 16 ya HPV), kloni ED17, antibodi ya panya, maana ndiyo nimeitumia sana kwenye westan bloti, yaani unatenganisha protini kwenye jeli, unazihamishia kwenye membreni (transifa), halafu antibodi inakuonyesha yako kama bendi. Inafanya kazi, ila ina masharti kama ya mganga. E7 ni kaprotini kadogo, amino asidi 98 tu, kwa hesabu ni kama kilodaltoni 11 lakini kwa kuwa ina asidi nyingi kwenye jeli inajivuta, kwa hiyo bendi utaikuta juu zaidi, huko kwenye 17 hivi, usije ukadhani umeuziwa kitu kingine. Sasa kwa udogo huo ukichukua membreni ya matundu ya mikroni 0.45 na transifa ukaiacha usiku kucha protini inapenya inatokea upande wa pili, membreni nyeupe pee, halafu lawama zote kwa antibodi. Natumia membreni ya 0.2, jeli ya asilimia 15, transifa fupi, na seli nazipa MG132 masaa machache kabla ya kuzivuna kwa sababu E7 haikai, proteasomu, mashine ya seli ya kusaga protini, inaitafuna haraka sana, na MG132 ndiyo inaizuia hiyo proteasomu. Ukifuata hayo CaSki inatoa bendi safi kabisa, SiHa (zote ni seli za saratani ya mlango wa kizazi) inatoka kwa kubembeleza, na inaeleweka, CaSki ina nakala kama 600 za HPV16 wakati SiHa ina moja au mbili.

HeLa usitegemee kitu hapo. Zile seli za Henrietta Lacks za 1951 zina HPV18, na hii antibodi ni ya 16. Watu kibao wanaingia mkenge hapa, wanajua tu "HeLa ina HPV" basi wanaiweka kama kontroli chanya, yaani sampuli ambayo lazima itoe bendi, bendi haitoki, wanaenda kuiponda bidhaa.

Kwenye slaidi za baiopsi lakini E7 sikuipenda, rangi hafifu, na usuli unachafuka kiasi kwamba mtu wa patholojia anakuangalia tu. Huko mfalme ni p16, kloni E6H4. Hii haishiki protini ya kirusi, inashika protini ya seli yenyewe, kinachotokea ni kwamba E7 inaidaka pRb (protini ya seli inayozuia seli kugawanyika ovyo) na kuiharibu, pRb ikiondoka breki iliyokuwa imeishikilia p16 inaachia, p16 inafurika ndani ya seli. Kwa hiyo unaona madhara ya E7 badala ya E7 mwenyewe, na yanaonekana vizuri kuliko mwenyewe. Nachemsha slaidi kwenye Tris-EDTA pH 9, rangi inatoka kahawia nzito kwenye kiini na kwenye saitoplazimu, imeshikana kuanzia chini ya epithelia, sio vidoa vidoa. Vidoa vidoa usivihesabu. Hii chupa sijawahi kujuta kuilipia na bechi mpya ikija inafanana na iliyopita, kitu ambacho kwenye antibodi sio cha kawaida kabisa.

Ila sasa kuna jambo linachanganya watu na ndilo hasa lililonifanya nikae niandike. C33A. Kila mtu anafundishwa kwamba C33A ni seli za saratani ya mlango wa kizazi zisizo na HPV, sawa, kweli, basi mtu anaziweka kama kontroli hasi ya p16, anapata bendi nene kuliko hata ya CaSki, anapanic, anawaandikia kampuni kwa hasira. Antibodi iko sahihi jamani! C33A pRb yake imeharibika kwa mutesheni, haikuhitaji kirusi kuivunja, kwa hiyo p16 lazima iwe juu. Kwa p16 weka MCF-7, seli za saratani ya matiti, zile jeni yenyewe ya p16 imefutika, hapo ukiona bendi ndiyo ulalamike. C33A ibaki kuwa kontroli hasi ya E6 na E7. Na kwa sababu hiyo hiyo p16 peke yake haithibitishi kwamba kirusi kipo, ukitaka kirusi pima DNA au RNA yake.

E6 sasa, protini nyingine ya kirusi. Nilichukua moja ya sungura, polikloni (mchanganyiko wa antibodi nyingi), kampuni siitaji jina. Bendi kumi na kidogo, na zote ziko kwenye C33A vile vile, ambako E6 haipo. Ukirudi kwenye datashiti yao picha pekee ni ya protini iliyotengenezwa na bakteria, mzigo mzima umemwagwa kwenye jeli, hapo hata antibodi mbovu ingeiona. E6 kwenye seli halisi ni kidogo mno. Nilipowauliza wakasema niongeze maziwa kwenye bloking, ile hatua ya kuziba membreni antibodi isishike ovyo. Siku hizi naizunguka, nazima E6 kwa siRNA (vipande vya RNA vinavyozima jeni) halafu naangalia p53, protini ya seli inayozuia saratani, maana E6 ndiyo inayomwita E6AP, protini nyingine ya seli, amalize p53, ukiizima p53 inarudi juu, na antibodi nzuri za p53 zimejaa sokoni.

Za L1 sina mengi. L1 ni ganda la kirusi, ndilo lililotengenezewa chanjo wanayopewa wasichana hapa nchini tangu 2018, lakini seli ya saratani kwa kawaida imeshaacha kutengeneza ganda. Kama unatafiti kansa hela yako peleka kwingine.

Usafiri: mzigo unafika barafu imeyeyuka, karibu kawaida, na IgG (aina ya antibodi hizi) iliyo kwenye maji siku chache za joto inavumilia kuliko watu wanavyodhani, mradi haigandi na kuyeyuka mara kwa mara. Gawa kwenye vichupa vidogo siku hiyo hiyo. Na antibodi ya pili, ile inayoshika ya kwanza, yenye HRP (kimeng'enya kinachotoa mwanga) usiiweke kwenye bafa yenye sodiamu azidi, inaua HRP, utakaa gizani unasubiri mwanga ambao hauji.

Nyota: p16 tano, E7 nne kwa bloti na mbili kwa slaidi, ile E6 moja kwa sababu sifuri hairuhusiwi. Imebaki nusu chupa kwenye friza, anayetaka kujifunzia kushika pipeti aje achukue bure.