Projekta ya nyumbani kwa hela ndogo: nunua mwanga, achana na stika ya 4K

Wakuu, AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa hapa kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda, na naona kila mtu anaota kuigeuza sebule yake kuwa kibanda umiza cha kishua, swali ni lile lile, nichukue projekta gani na hela yangu hii hii ndogo? Nimezipanga hapa chini kuanzia ile inayolipa zaidi mpaka ile ambayo hata ukipewa bure mpe jirani, ila kabla ya kufika huko kuna kitu lazima kikae kichwani maana ndo kinachofanya watu wapigwe pale Kariakoo na kwenye kurasa za Instagram.

Kitu chenyewe ni mwanga. Boksi linaandikwa 4K, linaandikwa lumeni 9000 (lumeni ndo kipimo cha mwanga), muuzaji anakuapia kabisa. Ile 4K maana yake mashine inapokea faili la 4K, haina maana inakuonesha 4K, kwahiyo swali la kuuliza ni rezolusheni halisi, yaani idadi ya pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, kwenye maelezo wanaandika native, na mara nyingi utakuta ni 1280 kwa 720 (ndo 720p) au chini ya hapo. Kwenye lumeni amini namba iliyo na ANSI au ISO pembeni yake, hizo ni njia rasmi za kupima mwanga, namba kubwa iliyokaa peke yake ni mapambo ya boksi. Tena hata hiyo ANSI mwenye kiwanda kisicho na jina anajiandikia mwenyewe, we ipunguze kidogo moyoni.

Na mwanga huo unatandazwa. Picha ya inchi 100 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha 125, ya inchi 60 ni 133 kwa 75 tu, kwahiyo mashine ile ile ukiishusha kutoka 100 mpaka 60 picha inang'aa karibu mara tatu. Watu wananunua kamashine kadogo, wanavuta picha mpaka inajaa ukuta mzima, halafu wanalalamika imefifia, we ulitegemea nini?

Sasa kama sebule yako ina dirisha kubwa halafu mechi unaangalia saa kumi jioni, ukweli ni kwamba chukua TV ya inchi 43 au 55 tu uendelee na maisha. Projekta ni ya giza, au ya mtu aliyekubali kununua mapazia mazito.

Namba 1: Epson ya ofisini iliyotumika, yenye herufi W

Najua haina mvuto, ni nyeupe, inafanana na za semina za halmashauri, lakini kwa hela hii hakuna kinachoisogelea. Mashine kama EB-W05 ina lumeni 3300 za kweli, na kwa kuwa Epson wanatumia vioo vitatu ndani, rangi nazo zinapata mwanga sawa na nyeupe, jezi nyekundu ya Simba inabaki nyekundu hata taa ya koridoni ikiwa inawaka.

Herufi ya kwenye jina la mashine ndo mpango mzima hapa, inakwambia rezolusheni. S ni 800 kwa 600, X ni 1024 kwa 768, W ni 1280 kwa 800, U ndo inafika 1920 kwa 1200. Sokoni zimejaa S na X kwa sababu ndizo mashule na maofisi yalinunua sana, na umbo lake ni la zile TV za zamani za chogo, ukiweka mpira au muvi unabaki na mistari juu na chini na robo nzima ya kioo cha X haifanyi kazi. Kwahiyo ukikuta X kwa bei chee sawa, ila W ongeza hela uichukue. U ukiikuta kwa bei inayoeleweka usiulize mara mbili.

Jinsi ya kuikagua ndo watu wanapokosea. Usikubali kuoneshwa katuni, katuni zina rangi kali zinaficha kila kitu. Nenda na flashi yenye picha nyeupe tupu, muombe muuzaji aifungue kwenye laptop aliyonayo, kisha angalia pembe kwa pembe. Ukiona wingu la njano au la bluu kwenye kona ujue vioo vya ndani vimeungua, hapo ondoka, kutengeneza kunaweza kuzidi bei ya mashine. Madoa meusi yaliyofifia mara nyingi ni vumbi, hilo fundi anasafisha, we tumia kama sababu ya kushusha bei. Baada ya hapo weka mpira na usome ubao wa matokeo kule juu kwenye kona, halafu yale maandishi yanayopita chini, kama katikati pako safi ila kona zinagoma kusomeka hata ukizungusha lenzi basi lenzi ina shida.

Ingia pia kwenye menyu sehemu ya Info uone masaa ya taa, ila usiyaamini sana maana yanafutika kwa kubonyeza tu. Mimi naangalia chujio la hewa, mashine inayodai masaa 300 halafu chujio limeota manyoya ya vumbi, hapo mtu anakudanganya. Taa ya W05 inaitwa ELPLP96, ni hiyo hiyo ya S05, X05 na X41, kwahiyo inatafutika, na Epson wenyewe wanasema inaenda masaa 6000, au 10,000 ukitumia eco, ile hali ya kupunguza mwanga. Uliza bei ya taa kabla hujalipia mashine, usije ukanunua gari halafu matairi yawe na bei ya gari lenyewe.

Hasara zake zipo. Feni inapiga kelele, hakuna Android wala nini ndani, na taa peke yake inakula wati 210, luku utaisikia kidogo.

Namba 2: LED ndogo yenye 1080p halisi

1080p ni pikseli 1920 kwa 1080. Hapa naongelea kina Wanbo T2 Max New, HY320 na ndugu zao, zinajiandika ANSI kati ya 390 na 450. Usiku chumba kikiwa giza kweli, picha ya inchi 80 inapendeza sana, maandishi ya chini ya muvi yanasomeka bila kukaza macho, labda hata kuliko W. Hakuna taa ya kubadilisha, inakula umeme kidogo, unaibeba mkononi. Kama we ni mtu wa muvi za saa tatu usiku na mechi za Ulaya, kwako hii ndo namba 1, sibishani. Ila mchana hamna kitu.

Udhaifu wake ni vumbi, nyingi hazijazibwa vizuri ndani na feni inavuta vumbi mpaka kwenye kioo, baada ya muda unaona kadoa kamekaa usoni kwa kipa dakika zote 90.

Namba 3: HY300 na wenzake

Kale kamviringo kanakozunguka mpaka dari, umekaona kila mahali. Ni 720p, ANSI kama 200 kwa maneno yao wenyewe. Kwa chumba cha kulala, katuni za watoto, au geto la mwanachuo kanatosha kabisa bora picha isizidi inchi 60. Kikubwa usikanunue ukidhani ni TV ya sebuleni. Na usikubali bei ya namba 2, kopi ni nyingi na zote zinafanana boksi.

Namba 4: zile za kiganjani kama YG300

Hapana. Pikseli 320 kwa 240, ubao wa matokeo utausikia kwa mtangazaji.

Wenye milioni na ushee mnaotaka kitu kipya, BenQ TH585 ni 1080p yenye lumeni 3500 na Epson EH-TW740 ni 1080p yenye 3300, ila hizo siyo mada ya leo. Angalizo tu, BenQ ni DLP, teknolojia inayorusha rangi moja moja kwa zamu ya haraka, kuna watu wanaona vimistari vya rangi vikipita wakigeuza macho haraka, kaijaribu kwanza.

Ukishafika nayo nyumbani

Pima chumba kwanza. Nyingi kati ya hizi zinataka mita 2.5 mpaka 3 kufikisha inchi 100, kwahiyo chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 utaishia inchi 80 hivi na kitanda kimebanwa. Iweke ielekee ukuta mraba kabisa, usiiweke pembeni halafu utegemee ile Keystone ya kwenye menyu inyooshe picha, inanyoosha kwa kukata pikseli ulizozilipia, na picha inakuwa laini laini. Kishelfu cha mbao ukutani kwa fundi wa mtaani kinamaliza kesi.

Skrini usihangaike nayo mwanzoni. Ukuta ulionyooka uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa unatosha. Ukitaka zaidi nenda kwa watu wa mabango, omba kipande cheupe kisichochapwa, mita mbili na nusu kwa moja na nusu, na sisitiza kisiwe na mng'ao maana kile kinachong'aa kinakuletea duara la mwanga katikati. Shuka acha, linapitisha mwanga na feni ikipita picha inacheza. Funga na madirisha, taa ikiwaka wadudu wanakuja ukutani na mijusi inawafuata, wageni wataangalia mawindo badala ya mpira.

King'amuzi kiunge kwa HDMI. Sauti usiitafute kwenye Epson, kaspika kake ni ka kuambiwa "slaidi inayofuata", ivute moja kwa moja kutoka kwenye king'amuzi kwa waya wa AV mpaka kwenye sabufa. Bluetooth mara nyingi inachelewesha sauti, mchezaji kashapiga, kashashangilia, ndo unasikia mguu.

Netflix kwenye hizi LED za bei chee inasumbua kwa sababu mashine hazina kibali chao, ama inagoma ama picha inakuja mbovu. Dawa ni TV stick yenye kibali kama ya Xiaomi, unachomeka HDMI na kuipa umeme wa chaja ya simu, hiyo hiyo itaifanya na Epson iwe na YouTube.

Umeme ndo adui wa namba 1 yangu. Ukikatika na kurudi ghafla taa ikiwa ya moto haiwaki, inabidi ipoe kwanza, na mchezo huo ukijirudia unakula maisha yake. Kaushughulikie na UPS, lile boksi la betri ya akiba, ila soma wati zake, zile ndogo za kompyuta zinaweza kuzidiwa hapo hapo, na usichomeke sabufa humo. Hata kama haibebi kipindi cha pili chote, inakupa dakika za kuizima kistaarabu.