Fielder na tairi za 195/60R15: uzoefu wangu

Corolla Fielder yangu, umbo la NZE121, ilikuja na tairi za 185/70R14. Ni tairi laini na zinameza mashimo vizuri, ila kwenye barabara ya Dar kwenda Iringa zilininyima raha. Kona za Kitonga, usukani unageuka kwanza, gari linafuata baadaye. Basi likikupita kwa kasi, unahisi bodi inayumba juu ya magurudumu. Shokapu zilikuwa nzima na alaimenti imeshapimwa. Kilichobaki ni ubavu wa tairi.

Hesabu yake ni hii. 185 ni upana kwa milimita, 14 ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani karibu milimita 130 za mpira unaojipinda kila ukikata kona. Ukienda 195/60R15, ubavu unashuka hadi 117 na rimu inapanda inchi moja. Kipenyo cha tairi nzima kinabaki palepale, milimita 615 hivi, kwa hiyo spidomita haibadiliki. Fielder nyingine za umbo hilo zilitoka kiwandani na saizi hii, jambo lililonipa imani kubwa kuliko ushauri wowote wa kijiweni.

Dukani muuzaji alinisukumia 195/65R15, eti gari litanyanyuka. Litanyanyuka kweli, sentimita moja. Lakini kipenyo kinafika 634: spidomita ikisoma 100, wewe unatembea 103, na ubavu unarudi kuwa mrefu wakati ndio ninaoukimbia. Nikakataa. Nikakagua pia maandishi ya 88H, yaani kilo 560 kwa kila tairi na kasi isiyozidi kilomita 210 kwa saa, halafu tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi iliyozeekea stoo siichukui hata ing'ae vipi.

Tofauti ni kubwa, na naisema kwa furaha. Usukani ukiugusa, pua ya gari inaitika hapohapo. Kitonga nashuka nikiwa na uhakika gari litakaa kwenye mstari wangu, na mabasi hayanitikisi kama zamani. Breki kwenye lami kavu nazo naziona zinashika vizuri zaidi.

Gharama yake ipo. Matuta madogo sasa unayasikia kwenye kiti, na shimo lenye ncha kali linaifikia rimu upesi, hivyo upepo napima mara kwa mara, matairi yakiwa ya baridi. Usukani umekuwa mzito kidogo wakati wa kuegesha. Anayeshinda kwenye barabara za vumbi na mawe namshauri abaki na rimu ya 14, ubavu mrefu utamfaa.

Moja ya zile za zamani nimeiacha iwe spea. Kipenyo ni kilekile, nikipata pancha inanifikisha taratibu kwa fundi.