Nilinunua raba nikiwa dada, nikarudi dukani nikiwa mama

Nilisema nisubiri hasira zishuke ndipo niandike. Hazijashuka, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Duka silitaji. Liko Kariakoo, ghorofani, lina kiyoyozi na kioo kirefu, na wanaokwenda huko watalijua. Nilikwenda mwishoni mwa mwaka, mvua za vuli bado zinatusumbua, kutafuta raba za kukimbilia masafa marefu kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon. Nusu yake, zile kilomita 21, nimeshakimbia mara mbili. Safari hii nilijiandikisha nzima. Aliyekimbia nzima pale Moshi atakwambia: kwanza unadanganywa na tambarare, halafu miguu ikishachoka ndipo unageuziwa mlima wa kuelekea Mweka. Mlima ule haupandwi na raba za mtumba zilizolika upande mmoja, na mimi nilikuwa na hizo tu.

Kijana aliyenihudumia alinipokea vizuri mno. Karibu dada yangu. Kaa hapa dada. Dada, mguu wako mwembamba, subiri nikuletee zenyewe. Akapiga goti, akanifunga kamba kwa mikono yake. Mimi navaa 40, nikamwambia alete 41, maana ukikimbia saa tatu mguu unavimba na kidole gumba kinagonga mbele, na nimeshapoteza kucha mbili kwa ubishi wangu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayenielewa. Nikalipa 180,000. Hakunipunguzia hata mia, na wala sikuona uchungu.

Na niseme ukweli, raba zilikuwa tamu. Wiki kama tatu nilikimbia utadhani nimeazimwa miguu. Natoka Mwananyamala saa kumi na moja alfajiri, kabla jua la Dar halijaanza ukorofi wake, nakatiza mpaka Coco Beach, napanda Daraja la Tanzanite, nateremkia Barack Obama Drive hadi feri, naikuta harufu ya samaki, nageuza. Katika siku yangu nzima hiyo ndiyo saa pekee ambayo sina wa kumwitikia. Nyumbani naitwa, kazini naitwa, simu nayo inaita. Kule ni pumzi zangu na mlio wa raba, chwa, chwa, chwa. Wapo makonda wanaonipigia kelele, "Mama unawahi wapi, panda nikusogeze!" Hao nimewazoea, siku nikiwa na pumzi nawajibu.

Jumamosi moja nilikuwa na kilomita 28. Ya 23 ikanikuta juu ya daraja, nikirudi. Nikasikia mlio umebadilika: chwa, pa. Chwa, pa. Nikadhani nimenasa mfuko. Kutazama, soli ya kulia imeachama kuanzia vidoleni mpaka katikati, kama mdomo wa chewa. Nikakazana hatua chache, nikajikwaa, nikaivua. Nikawa natembea na soksi, kiatu mkononi, upepo wa bahari unanikausha jasho na machozi pamoja. Mzee John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Olimpiki kule Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, mguu umefungwa bendeji, anachechemea. Mimi nimeshindwa na gundi!

Likapita kundi la jogging linaimba. Kijana mmoja akachomoka kwenye mstari, akavua kamba ya filimbi yake, akaizungushia raba yangu mara tatu, akakaza, akatimua mbio kuwafuata wenzake. Hata jina sikumuuliza. Kamba yake ninayo mpaka leo.

Jumatatu nikarudi dukani na raba, boksi na risiti. Kijana ni yule yule.

"Mama, hizi ulizifanyia nini?"

Hapo ndipo pananiuma, na mume wangu anasema nakuza mambo. Wiki tatu nyuma nilikuwa dada. Nina watoto watatu, mtaa mzima unaniita mama na ninaitikia kwa furaha, ni heshima yangu. Lakini mama ya yule kijana haikuwa ya heshima. Ilikuwa ya kunisogeza pembeni.

Nikamwambia nimezikimbilia. Akauliza, kweli kweli? Kilomita ngapi? Nilipomtajia akamgeukia mwenzake wa kaunta, wakaangua kicheko. "Mama, hizi ni za kutokea. Unazivalia jinsi, unaenda zako kwenye shughuli. Sasa kilomita 28, kwa umri huu, unafukuzwa na nani?"

Za kutokea! Boksi lenyewe limechorwa mtu anakimbia. Nikamwonyesha. Akanionyesha na yeye maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Sikuwa nataka hela, nilitaka anibadilishie tu. Akasema bosi hayupo, na bosi akija jibu ni hilo hilo, kisha akamgeukia binti aliyeingia nyuma yangu: "Karibu dada yangu."

Tangu mkimbiaji wetu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025, akimpita Mjerumani kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42, hata muuza mihogo wa mtaani kwetu ananiuliza mwendo wangu wa kilomita moja. Muuza raba hajui watu wanakimbia.

Kwa hiyo nyota moja, na hiyo ni ya kiyoyozi.

Ila ngoja. Nilizipeleka kwa fundi wetu wa Mwananyamala, anayekaa chini ya mwarobaini. Akazigeuza, akakwangua kwa kucha, ukadondoka unga wa njano. "Mama, hizi zimekaa stoo kwenye joto miaka. Gundi imekufa. Kiatu chenyewe hakina ubaya." Yeye pia aliniita mama, na sikusikia chochote. Akapiga msasa, akapaka gundi mpya, akaacha ikauke kidogo, akabana, kisha akashona kwa uzi wa nailoni soli zote mbili kuzunguka. Elfu nane. Raba ziliongezeka uzito kidogo na mshono unaonekana kama wa gunia, lakini Jumamosi iliyofuata nilimaliza 30. Sponji ya kisigino bado hai, kucha zote ninazo.

Ndiyo maana hukumu yangu inayumba. Kiatu hakikuniangusha, niliangushwa na stoo yao na ulimi wa yule kijana. Au labda nimelainika kwa sababu Moshi nilimaliza. Nilitembea kipande kizuri cha ule mlima, sifichi, lakini nilimaliza.

Sasa msinicheke. Juzi nimepita Kariakoo kwa shughuli nyingine, nikaona zile zile, za bluu, zimebandikwa karatasi ya ofa, 120,000. Nikasimama. Nikaondoka. Nikafika mpaka kituoni, daladala ikaja, nikaiacha, nikarudi. Kijana akainuka: "Karibu dada yangu." Hanikumbuki hata kidogo! Nilikuwa nimeandaa maneno tangu mwaka jana, yote yakanikauka kooni. Nikasema 41. Akasema mbona mguu wako ni 40, dada. Nikamwambia lete 41.

Sikuzifikisha nyumbani. Nilishukia kwa fundi, nikamwekea boksi juu ya kiti chake.

"Mama, hizi mbona mpya? Hata kuvaa hujavaa."

"Wewe shona."